SOMO: KUUTAMBUA MTAA UNAOMFAA MNUNUZI KATIKA JIJI LENYE BEI KUBWA



Ombi moja huletwa mara kwa mara mbele ya kamati za mikopo za vyama vyetu: fedha za kununua kiwanja au nyumba Dar es Salaam. Mwombaji huja na jina la mtaa alilotajiwa na dalali, bei aliyoambiwa jana, na muda wa siku tatu, kwa kuwa “kuna mtu mwingine anakitaka”. Kamati huitazama akiba yake, mshahara wake na wadhamini wake. Mtaa wenyewe hautazamwi. Hapo ndipo akiba ya miaka 10 inapoweza kupotea asubuhi moja, na wadhamini wakaingia katika deni pamoja na mwenzao.

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu na mwanachama kulijibu swali linalotangulia swali la mkopo: je, mahali hapa panamfaa mnunuzi?

1. Maana ya mtaa unaomfaa mnunuzi

Wengi hudhani kuwa mtaa unaomfaa mnunuzi ni ule wenye bei ndogo kuliko yote. Dhana hiyo si sahihi. Mtaa unaomfaa mnunuzi ni ule ambao mnunuzi anaweza kufanya mambo matatu: kuchagua, kungoja na kuhakiki.

Kuchagua maana yake ni kwamba wapo wauzaji wengi, naye anaweza kumwacha mmoja akaenda kwa mwingine. Kungoja maana yake ni kwamba akikaa mwezi mzima akitafakari, hatakuta kila kitu kimekwisha kuuzwa. Kuhakiki maana yake ni kwamba zipo kumbukumbu za upimaji na za umiliki, nazo zinapatikana katika ofisi za ardhi.

Tukiupima mji kwa kipimo hicho, tutaona kwamba Masaki, Oysterbay na Mikocheni ni mahali pa muuzaji. Ardhi ya huko ni chache na waitakao ni wengi wenye fedha, basi muuzaji ndiye asemaye na mnunuzi ndiye asikilizaye. Lakini hata bonde lenye viwanja vya bei ya kutupa si mahali pa mnunuzi, kwa maana huko hapana cha kuhakiki. Mtaa tunaoutafuta huwa kati ya hao wawili.

2. Jiji linavyokua, na mafunzo yake

Kwa hesabu ya sensa, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na watu 5,383,728 mwaka 2022. Katika miaka 10 limeongezeka zaidi ya watu milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kupanda kwa bei. Hata hivyo bei haipandi sawasawa kila mahali. Yafaa tuyatazame mambo manne yaliyokwisha kutokea.

Kwanza, Sinza na Kijitonyama. Katika miaka ya 1970 maeneo hayo yalipimwa viwanja katika mpango wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wakati ule yalihesabiwa kuwa pembezoni mwa mji. Leo yamo katikati ya shughuli. Waliopata viwanja huko walipata barabara za mitaa zilizokwisha kuchorwa na mipaka iliyokwisha kupimwa, na hilo ndilo lililowainua.

Pili, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Kwa mradi huo serikali ilipima viwanja katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma na Buyuni. Mradi kama huo huwapa viwanja watu wengi kwa wakati mmoja, nao hawajengi wote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana katika maeneo ya namna hiyo mnunuzi huweza kukuta wauzaji kadhaa wa viwanja vilivyopimwa, wala si mmoja tu.

Tatu, Kigamboni. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mji mpya huko, na uendelezaji wa ardhi ukasimamishwa. Wenye nyumba walikaa muda mrefu bila kujua kama watajenga au watahama. Kisha mwezi wa Aprili 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa, na mtu aliyekuwa akitegemea kivuko cha Magogoni au kuzungukia Kongowe akapata njia mpya ya kuingia mjini. Kwa hiyo tangazo moja laweza kuufunga mtaa, na daraja moja laweza kuufungua.

Nne, Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo huko ilikuwa meta 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukaribu wa barabara, ambao dalali huusifu kuliko kitu kingine, ndio ulioziponza nyumba hizo.

Mafunzo hayo manne yana neno moja: usinunue sifa ya mtaa, nunua mpango wake. Kabla ya kuuliza bei, uliza mchoro wa mipango miji unasemaje juu ya mahali hapo.

3. Hesabu ya gharama kamili

Bei ya kiwanja ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa mwanachama afanyaye kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Ameonyeshwa viwanja viwili vya ukubwa mmoja. Fedha hizi ni za mfano tu. Kila katibu aweke za mahali pake.

Kiwanja A kiko mbali, bei yake Sh. 8,000,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni Sh. 3,000 kwa siku, kwa kuwa lazima abadilishe daladala. Kuvuta maji na umeme hadi hapo kutamgharimu Sh. 1,500,000.

Kiwanja B kiko karibu zaidi, bei yake Sh. 11,000,000. Nauli ni Sh. 1,400 kwa siku. Kuvuta maji na umeme ni Sh. 300,000, maana bomba na nguzo zimekwisha kufika mtaani.

Kwa macho, A ni nafuu kwa Sh. 3,000,000. Tukiongeza maji na umeme, A inakuwa Sh. 9,500,000 na B Sh. 11,300,000, tofauti imebaki Sh. 1,800,000. Sasa tuitazame nauli. Tofauti ni Sh. 1,600 kwa siku, yaani Sh. 41,600 kwa mwezi na Sh. 499,200 kwa mwaka. Kabla mwaka wa nne haujaisha, unafuu wote wa A umekwisha kuliwa na nauli, na tangu hapo A ndicho kiwanja cha ghali. Hapo hatujahesabu watoto waendao shule, wala saa zinazopotea kituoni. Wazee walisema, rahisi ghali.

4. Dalili za kutazama mtaani

Mnunuzi asiende mara moja wala asiende na dalali peke yake. Aende walau mara tatu: alfajiri siku ya kazi, auone usafiri, jioni, auone usalama na mwanga, na siku ya mvua kubwa za masika au vuli, ayaone maji yanakopita. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mtu anayetembelea bonde mwezi wa Agosti huona bustani tu.

Dalili za mtaa unaomfaa mnunuzi ni hizi:

(a) Vibao vya kuuza ni vingi na baadhi vimechakaa kwa jua. Muuzaji aliyengoja muda mrefu husikiliza.
(b) Viwanja vitupu vilivyopimwa ni vingi, na bikoni, yaani mawe ya mpaka, zinaonekana.
(c) Majirani wanaulizika, nao wanamjua mwenye kiwanja kwa jina.
(d) Njia ya gari inafika, na haipiti juu ya kiwanja cha mtu.
(e) Shule, zahanati na soko viko karibu au vimetengewa eneo katika mchoro.

Dalili za hatari nazo ni bayana: muuzaji anayekataa usiongee na jirani, bei inayoshuka ghafla bila sababu, kiwanja kilicho karibu na mto au ufuko, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60, na ukuta ulioandikwa “HAPAUZWI”. Maandishi hayo huashiria kwamba pana ugomvi wa mirathi, au kwamba kuna mtu amekwisha kujaribu kuuza kisicho chake.

5. Kuihakiki haki

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachonunua mwanachama ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na maendeleo yaliyomo. Kwa hiyo karatasi ya haki hiyo ni sehemu ya thamani ya kiwanja. Yafaa tuzitofautishe karatasi hizi:

Hati miliki husajiliwa na Msajili wa Hati, na mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi rasmi ajue jina la mwenye hati, na kama kuna rehani au zuio. Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo yasiyopimwa. Ni ya muda mfupi na haina nguvu ya hati. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana. Haimfanyi muuzaji kuwa mwenye mali kama hakuwa nayo.

Wanaotoka nje ya mipaka ya jiji kwenda Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo au Kibaha wakumbuke kwamba sehemu ya ardhi huko ni ya vijiji, nayo hutawaliwa na Sheria Na. 5 ya 1999. Huko mwanakijiji mmoja hawezi kuuza kana kwamba kijiji hakipo; Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye kauli.

Tena, ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mnunuzi aonane na mume na mke, asiridhike na kuambiwa kwamba “mama amesafiri”.

6. Wajibu wa katibu na nguvu ya chama

Mnunuzi mmoja mwenye haraka ni mnyonge mbele ya muuzaji. Wanachama 20 wenye daftari moja si wanyonge. Katibu anaweza kuyafanya mambo haya bila gharama kubwa:

Kwanza, afungue daftari la mitaa. Kila mwanachama aliyenunua, aliyeuza au aliyeulizia bei aandikishe tarehe, mahali, ukubwa, bei iliyotajwa mwanzo na bei iliyolipwa mwisho. Baada ya mwaka mmoja chama kitajua mtaa gani bei hushuka wakati wa kupatana na mtaa gani haishuki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa bei pia.

Pili, kamati ya mikopo idai karatasi tatu kabla ya kuidhinisha mkopo wa kiwanja: matokeo ya upekuzi, nakala ya ramani ya upimaji, na hesabu ya gharama kamili kama ile ya sehemu ya 3.

Tatu, fedha zilipwe kwa hundi au kwa benki, kwa jina la mwenye hati, chini ya mkataba ulioandikwa mbele ya wakili, na sehemu ya fedha izuiliwe mpaka uhamisho ukamilike. Ujira wa dalali uandikwe mapema, usije ukajificha ndani ya bei.

Nne, pale wanachama wengi wanapotaka eneo moja, chama kitafakari kununua shamba kwa pamoja, kulipima na kuligawa. Njia hii hupunguza gharama ya upimaji kwa kila mtu. Lakini ardhi isinunuliwe kwa uamuzi wa watu wawili ofisini: Mkutano Mkuu uamue, na deni lolote lisivuke ukomo wa madeni wa chama, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka.

Ndugu Wanachama, jiji halitapunguza bei kwa kutuhurumia. Lililo mikononi mwetu ni kuchagua mahali ambapo tunaweza kuuliza, tukajibiwa, na tukaondoka kama jibu halituridhishi. Mwanachama akiambiwa aamue katika siku tatu, na ajibu kwamba chama chake kinahitaji siku 30. Muuzaji wa haki atangoja. Asiyengoja amekwisha kutujibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Taja mitaa mitatu ambayo wanachama wenu wamenunua viwanja. Katika kila mmoja, je, mnunuzi aliweza kuchagua, kungoja na kuhakiki?
2. Fanyeni upya hesabu ya sehemu ya 3 kwa nauli na bei za mahali penu. Kiwanja cha mbali kinakuwa ghali baada ya miaka mingapi?
3. Kamati yenu ya mikopo hudai karatasi gani kabla ya kuidhinisha mkopo wa kiwanja? Ni ipi inayokosekana?
4. Je, masharti ya chama chenu yanaruhusu kununua ardhi kwa pamoja? Kama hayaruhusu, ni hatua gani zichukuliwe kuyarekebisha?