Hesabu ya Orodha: Ruzuku ya Mkulima na Haki ya Umma Kujua

Kata ya Lizaboni imo katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, mkoa unaohesabiwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya Tanzania. Mvua za kupandia huanza mwishoni mwa mwaka. Mbolea ya ruzuku ikimfikia asiyestahili, msimu haumngoji yule aliyeachwa.

Mwaka 2008 bei ya mbolea ilipanda ghafla duniani. Ili kuwanusuru wakulima, Serikali ilieneza mpango wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/2009. Vocha ilifidia takriban nusu ya bei ya mbolea na mbegu. Mkulima alilipa nusu iliyobaki. Waliokusudiwa ni wakulima wa mahindi au mpunga wenye shamba lisilozidi hekta moja. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji.

Je, vocha ziliwafikia waliokusudiwa? Utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen, uliochapishwa mwaka 2012, uligundua kuwa mkoani Kilimanjaro kaya zenye viongozi wa kuchaguliwa zilipata takriban asilimia 60 ya vocha.

Kipimo cha namna hiyo hakihitaji mashine. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa mtaa una kaya 200 zinazostahili, na kaya 20 kati yake ni za viongozi, yaani asilimia 10. Vocha zikiwa 50 na zikigawiwa bila upendeleo, kaya za viongozi zitarajiwe kupata vocha 5 hivi. Orodha ikionyesha 15, uwiano ni 15 ÷ 5 = 3. Jibu hilo si hukumu ya wizi, bali ni sababu ya kuuliza swali. Lakini pasipo orodha iliyo wazi, hata swali haliwezi kuulizwa.

Uganda inatoa funzo jingine. Kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa matumizi yasiyo ya mishahara. Baadaye Serikali ilianza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao ukutani. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika shuleni kilizidi asilimia 80. Hata hivyo, mageuzi mengine ya fedha yalifanyika wakati huo huo. Kwa hiyo mwanasayansi makini hatasema kuwa gazeti peke yake ndilo lililoleta badiliko lote.

Kanuni hiyo yahusu pia misaada ya maafa, iwe ya mafuriko au ya ukame. Nchini Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humwezesha raia kuomba taarifa zilizomo katika ofisi za umma. Orodha njema hueleza vigezo, idadi na kiasi. Haina haja ya kuanika namba za simu wala siri za kaya. Uwazi humlinda mkulima, na humlinda pia kiongozi mwadilifu dhidi ya uvumi.

Mazoezi
1. Kaya za viongozi ni 30 kati ya 240, na vocha ni 80. Zitarajiwe kupata vocha ngapi?
2. Orodha ikionyesha 12, uwiano ni upi? Taja sababu mbili zinazoweza kuueleza, mbali na upendeleo.