Msikilizaji Naye Hufanya Kazi: Ubongo, Mwili na Ngano za Pwani

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya, kupitia Tanga na Tongoni hadi Pangani, ngano kwa desturi haianzi mpaka wasikilizaji wakubali. Msimulizi husema, "Paukwa!" nao huitikia, "Pakawa!" Katikati ya ngano huweza kutokea wimbo mfupi, ukaimbwa na wote kwa kupiga makofi. Vitendawili navyo vina kanuni zake: mmoja husema, "Kitendawili!" wengine hujibu, "Tega!" na wakishindwa kutegua humpa mtegaji mji. Kwa desturi hii msikilizaji si mtungi mtupu unaongoja kujazwa maneno, bali ni mshiriki.

Aghalabu mambo hayo hudhaniwa kuwa ni pumbao la watoto tu. Walakini utafiti wa ubongo unaonyesha kwamba yanagusa swali kubwa: binadamu huelewaje, na hukumbukaje? Swali hilo linamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi.

AKILI NA MWILI

Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1641, alifundisha kwamba nafsi yenye kufikiri ni kitu mbali na mwili. Fikira hiyo ilikuwa na nguvu kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Francisco Varela wa Chile, pamoja na Evan Thompson na Eleanor Rosch, walitetea fikira nyingine: kwamba akili hutokana na kiumbe chenye mwili, kinachotembea, kushika na kuhisi katika mazingira yake. Hii ndiyo fikira ya akili yenye mwili.

Lugha ya Kiswahili ina dalili za fikira hiyo. Mtu aliyeelewa na kukumbuka husemwa kuwa ameyashika maneno. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Hata vipimo vya kale vya pwani vilitoka mwilini. Shibiri ni umbali toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimepanuliwa. Mkono ni toka kiwiko hadi ncha za vidole. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa huku na huku. Lakini dalili si ushahidi. Hapana budi kuuchunguza ubongo wenyewe.

YALIYOONEKANA KATIKA UBONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na seli za neva zipatazo bilioni 86. Umefunikwa na tabaka lenye mikunjo liitwalo gamba la ubongo. Sehemu moja ya gamba hilo huongoza mijongeo ya mwili, na kila kiungo kina mahali pake: miguu karibu na utosi, mikono chini yake kidogo, na midomo na ulimi chini zaidi. Daktari Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, ndiye aliyeichora ramani hiyo kwa makini na kuifanya ijulikane sana.

Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller, huko Cambridge nchini Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu walilala ndani ya mashine ya sumaku, ambayo huonyesha sehemu za ubongo zinazoongezewa damu zifanyapo kazi. Wakasoma kimya maneno ya Kiingereza yenye maana kama kupiga teke, kuokota na kulamba. Maneno ya mguu yaliamsha sehemu zilizo karibu na zile ziongozazo mguu. Ya mkono, karibu na zile za mkono, ijapokuwa hakuna aliyejongeza kiungo. Yamkini basi mtoto asikiapo kwamba bibi mmoja wa ngano anakuna nazi, sehemu ya ubongo wake ihusuyo mikono nayo hushiriki.

Mwaka 2010 Greg Stephens, Lauren Silbert na Uri Hasson wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walipima ubongo wa msimulizi, kisha bongo za waliosikiliza hadithi yake. Bongo za wasikilizaji zilifuata mwenendo wa ule wa msimulizi, mara nyingi kwa kuchelewa kidogo. Katika sehemu nyingine zilitangulia, yaani zilitabiri yatakayofuata. Na waliotabiri zaidi ndio walioelewa zaidi. Hadithi iliposimuliwa kwa Kirusi kwa watu wasiokijua, ulinganifu huo ulitoweka. Kusikia sauti, basi, si kuelewa. Jambo hilo lina uzito katika darasa ambalo lugha ya masomo ni ngeni kwa wanafunzi.

Hata hivyo mwanasayansi hasemi zaidi ya ushahidi wake. Ndani ya mashine ile watu hulala bila kutikisika. Hawaitikii wala hawapigi makofi. Je, kutenda kwa mwili kunaongeza nini? Hilo laweza kupimwa bila mashine yoyote.

JARIBIO LA DARASANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ronald Cohen nchini Kanada na Johannes Engelkamp nchini Ujerumani walichunguza jambo hili, kila mmoja kwa upande wake. Mwalimu anaweza kulirudia kama ifuatavyo.

1. Aandike vifungu 24 vya vitendo, kwa mfano: kuna nazi, tupa mshipi, kunja mkeka, vuta kamba ya tanga.
2. Aligawe darasa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa, yasiyoonana.
3. Kundi la kwanza lisikilize tu. Kundi la pili litende kila kifungu kwa ishara, bila kifaa. Yote mawili yapewe sekunde 5 kwa kila kifungu.
4. Baada ya dakika 10 za kazi nyingine, kila mwanafunzi aandike vifungu anavyovikumbuka. Wastani wa kila kundi ukokotolewe.

Kwa kawaida kundi lililotenda hukumbuka zaidi. Ikiwa sivyo, wanafunzi watafute sababu: huenda makelele, au muda usiolingana.

Njia hii haichukui nafasi ya kitabu wala hesabu. Lakini somo la mzunguko wa damu laweza kusimuliwa kama ngano: kundi moja likiwa moyo, la pili mapafu, la tatu misuli, na kila moja likiitikia damu ifikapo kwake. Mwanafunzi aliyezoea kukariri kimya asichokielewa atapata nafasi ya kutabiri, kujibu na kujongea. Nazo ngano za mabibi na mababu, ambazo zisiposimuliwa hupotea, zitakuwa na kazi shuleni.

MASWALI

1. Kwa nini makundi ya jaribio hugawanywa kwa kura?
2. Jaribio la hadithi ya Kirusi linathibitisha nini, na halithibitishi nini?
3. Sikiliza ngano moja kwa mzee wa jirani. Andika kila mahali ambapo wasikilizaji huitikia, kisha eleza kazi ya kila itikio.