SOMO LA MKAZI: JE, GARI LA HAIBRIDI LITAKUFAA MUNYAKA?

Wakazi wengi wa Munyaka, Kapsoya na mitaa jirani wanaofikiria kununua gari la familia sasa wanaangalia magari madogo ya juu ya aina ya haibridi, kama vile Honda Vezel na Toyota C-HR. Wauzaji husema kwamba magari haya hayali mafuta. Kwa safari fulani ni kweli, lakini kuna matumizi ambayo unafuu huo haurudishi pesa uliyoongeza wakati wa kununua. Lengo la somo hili ni kukusaidia kupima mwenyewe kabla ya kulipa. Hatupendekezi kampuni yoyote.

1. Linavyofanya kazi

Gari la haibridi lina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa. Aina nyingi zilizoko sokoni kwetu hazichajiwi nyumbani. Ukikanyaga breki au ukiachilia mafuta, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukisimama kwenye msongamano, injini hujizima. Kwa hiyo faida kubwa hupatikana pale unaposimama na kuondoka mara kwa mara. Kwenye barabara kuu, ukienda kwa kasi moja, faida hupungua kwa sababu injini hufanya kazi karibu wakati wote.

2. Eldoret si Mombasa

Mji wetu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu hiyo, kwa hiyo husaidia gari linapoondoka. Lakini kwenye mlima mrefu, kama wa kuelekea Timboroa, betri inaweza kuisha na injini ikabaki kuvuta mzigo peke yake. Lijaribu gari likiwa na abiria, si dereva pekee.

Ukiteremka kutoka Iten kupitia Tambach hadi bonde la Kerio, betri hujaa mapema na haiwezi kupokea umeme zaidi. Tumia nafasi ya B au L kwenye gia, kama ipo, ili injini isaidie kupunguza mwendo na breki zisipate moto.

Asubuhi zetu pia ni za baridi. Injini hulazimika kuwaka ili ipate joto kwanza. Anayeendesha kilomita mbili au tatu tu kisha akaegesha hataona unafuu aliotangaziwa.

3. Barabara ya mtaa

Barabara za ndani za murram hutoa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Uliza tumbo la gari liko juu ya ardhi kwa kiasi gani. Toyota C-HR ya haibridi iliyotengenezewa soko la Japani ina takriban milimita 140, kama urefu wa kalamu ya biki. Umbo lake ni la gari la juu, lakini tumbo lake liko chini. Uliza pia kama gari huvutwa kwa magurudumu mawili au manne.

Vumbi lina madhara mengine. Betri kubwa hupozwa kwa feni, na katika magari mengi tundu la kuingiza hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Hakikisha chujio lake linasafishwa.

4. Piga hesabu

Tuchukue mfano. Gari la kawaida linakwenda kilomita 10 kwa lita, la haibridi kilomita 17. Lita moja ni shilingi 180, na haibridi imekugharimu shilingi 300,000 zaidi.

Ukiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, utaokoa takriban lita 41, yaani shilingi 7,400. Pesa uliyoongeza itarudi baada ya miezi 41 hivi. Ukiendesha kilomita 400 tu, utaokoa takriban shilingi 3,000, na pesa itarudi baada ya zaidi ya miaka minane. Ikiwa betri itahitaji kubadilishwa kabla ya hapo, umepata hasara. Weka bei halisi ya petroli inayotangazwa na EPRA kila mwezi, na bei ya betri uliyoulizia mwenyewe.

5. Kabla ya kulipa

• Fundi asome kompyuta ya gari kwa mashine na kuangalia hali ya betri kubwa. Asitegemee taa za dashibodi pekee.
• Kwa Vezel za kwanza, sikiliza giaboksi unapoondoka polepole. Februari 2014 Honda iliyaita magari ya Fit na Vezel za haibridi nchini Japani ili kurekebisha programu ya kuendesha giaboksi. Uliza kama kazi hiyo ilifanywa.
• Thibitisha mmiliki na rekodi za gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen.
• Kwa gari linaloagizwa kutoka nje, kumbuka kikomo cha umri cha miaka minane na cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na KEBS.
• Tafuta kwanza fundi wa hapa Eldoret aliyesomea haibridi. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme mkali unaoweza kuua. Asiyefunzwa asiziguse.

Zoezi

Kwa wiki mbili, andika kilomita unazosafiri kila siku: ngapi ni za mjini, ngapi za barabara kuu, na ngapi ni safari fupi za chini ya kilomita tatu. Zidisha ili upate za mwezi, kisha rudia hesabu ya sehemu ya 4. Ikiwa pesa hairudi ndani ya muda unaotarajia kukaa na gari hilo, gari la kawaida lenye injini ndogo na lililotunzwa vizuri litakufaa zaidi.