Nina VVU, nimnyonyeshe mwanangu au nimpe maziwa ya kopo?

SWALI: Daktari, nina miaka 27, mimba yangu ni ya miezi saba. Natumia dawa za ARV mwaka wa tatu sasa na mume wangu anajua. Rafiki yangu aliyeko Uingereza ananiambia kule mama mwenye VVU hushauriwa asinyonyeshe, kwa hiyo ninunue maziwa ya kopo. Kliniki wanasema ninyonyeshe. Tena mama mkwe anakuja kunihudumia nikijifungua, naye hajui hali yangu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Binti yangu, wasikilize wa kliniki.

Rafiki yako hakukudanganya. Uingereza ushauri wa kawaida ni maziwa ya kopo, kwa sababu kule maji ya bomba ni salama na mtoto akiugua hospitali iko karibu. Kwetu hesabu ni nyingine. Botswana serikali iliwahi kuwagawia bure maziwa ya unga akina mama wenye VVU, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaenea. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi, na wengi walikufa. Walikwepeshwa virusi, wakauawa na maji.

Sasa tuje kwenye ziwa lako. Mama asipotumia dawa, na akanyonyesha, uwezekano wa mtoto kuambukizwa tangu tumboni hadi anapoacha ziwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama anayemeza dawa kila siku, virusi vikafubaa, yuko mbali kabisa na hapo. Katika utafiti mkubwa wa PROMISE, uliofanyika nchi kadhaa za Afrika pamoja na India, watoto wa mama waliokuwa kwenye dawa walioambukizwa kwa kunyonya hadi kutimiza mwaka hawakufika hata mmoja katika mia. Si sifuri, na atakayekuambia ni sifuri anakupamba. Lakini ni hatari ndogo kuliko ile ya chupa iliyooshwa kwa maji ya mashaka. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama aliye kwenye dawa anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Hayo yote yanategemea dawa zako. Ukiziruka, ushauri wangu hauna maana. Uliza majibu ya kipimo cha wingi wa virusi kabla hujajifungua. Vikiwa bado juu, sema mapema, maana mtoto atahitaji dawa za kinga zaidi ya zile za kawaida.

La mama mkwe ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Atakuja na upendo wake, na huo upendo utakuwa na maji ya kijiko, dawa ya chango na, ikifika mwezi wa tatu, uji mwepesi "maana mtoto hashibi". Utumbo wa mtoto mchanga ni laini. Vitu hivyo huuchubua na kuleta vijidudu, na virusi hupata njia. Huko Durban, Afrika Kusini, mtafiti Anna Coutsoudis na wenzake walionyesha mwaka 1999, enzi ambazo mama hawakuwa na dawa hizi, kwamba watoto walionyonya tu waliambukizwa kwa kiasi kidogo kuliko waliochanganyiwa.

Hulazimiki kumweleza hali yako. Miezi sita ya maziwa ya mama pekee ni agizo kwa kila mzazi, mwenye virusi na asiye navyo, kwa hiyo ukisema "nesi amekataza" hujadanganya na hujajianika. Afadhali zaidi mumeo aliseme hilo kwa mama yake kabla hajafika. Na ikitokea bibi kampa mjukuu maji ukiwa umelala, usikate ziwa kwa hofu. Dawa zako bado zinamkinga. Rudi tu kwenye utaratibu. Baada ya miezi sita mwanzishie chakula huku ukiendelea kunyonyesha, na siku ya kumwachisha ikifika fanya polepole, kwa kama mwezi mzima.

Chuchu ikipasuka au titi likivimba na kuuma, mnyonyeshe lile zima, maziwa ya lenye ugonjwa kamua umwage, uende kituoni siku hiyo hiyo. Utandu mweupe mdomoni mwa mtoto nao usiuache. Mtoto atapewa dawa ya kinga iitwayo nevirapine tangu kuzaliwa, na atapimwa akiwa na wiki nne hadi sita. Majibu mazuri ya siku hiyo si ya mwisho. Vipimo huendelea hadi baada ya kuacha kunyonya.

Kama mnayo maji safi, kuni au gesi ya kuyachemsha na fedha ya makopo kwa miezi yote, kopo pia ni chaguo, mradi liwe kopo pekee bila ziwa. Piga hesabu na mumeo kwanza: kopo la gramu 400 mtoto hulimaliza kwa siku chache.

Miadi ijayo nenda na mumeo, na msitoke pale bila kuambiwa wingi wa virusi vyako ni kiasi gani.