Mcheri na Mwenziwe

Cheri ni tunda dogo la mviringo, ukubwa wake wapata zambarau, nalo lina kokwa moja ngumu ndani na huning'inia mtini kwa kikonyo kirefu chembamba. Ziko cheri kali, ambazo hupikwa, na cheri tamu, ambazo huliwa vivi hivi. Habari hizi ni za cheri tamu.

Mcheri ni mti wa nchi za baridi. Majira ya baridi yajapo hupukutisha majani yake yote, ukalala. Wala usingizi huo si wa bure, kwani aina nyingi zisipopata kwanza saa 800 hata 1,200 za baridi iliyo chini ya digrii 7, maua hayafunguki sawasawa. Ndiyo sababu mcheri, hata ukimea Unguja, hautazaa. Na mkarafuu nao ukipelekwa penye theluji utakufa.

Nchi moja ambayo cheri zimestawi sana ni Oregon, upande wa magharibi wa Marekani. Mwaka 1847 mtu mmoja, jina lake Henderson Lewelling, alihamia huko kutoka Iowa pamoja na jamaa zake, kwa magari ya kukokotwa na maksai. Gari moja alilitia udongo, akapanda humo miche ya matunda ipatayo 700. Njiani alishauriwa aliache, maana uzito wake uliwachosha maksai. Akakataa, akazidi kuinywesha miche yake maji. Karibu nusu yake ilifika hai. Baadaye nduguye, Seth, akamfuata, na mwaka 1875 katika shamba la Seth ikapatikana cheri kubwa, tamu, nyekundu iliyokoza hata kukaribia weusi. Ikaitwa Bing, kwa jina la Ah Bing, Mchina aliyekuwa msimamizi wa kazi pale. Ah Bing alikwenda kwao China kuwatazama jamaa zake, asirudi tena, kwa kuwa sheria ya mwaka 1882 iliwakataza vibarua wa Kichina kuingia Marekani. Jina lake hutajwa sokoni mpaka leo, na wengi walitajao hawajui kuwa ni jina la mtu.

Basi Bing hiyo, pamoja na sifa zake zote, imewatia watu wengi katika mashaka. Mtu hupanda mti mmoja karibu na nyumba yake, akautunza miaka mitano au sita. Siku moja mti wote huwa mweupe kwa maua kama pamba. Mwenyewe hufurahi. Kisha maua huanguka, vitunda vidogo kama choroko hugeuka njano, navyo huanguka. Mti ukabaki na majani tu. Mwaka wa pili mambo ni yale yale. Hapo wengine hushika shoka.

Mti hauna ugonjwa. Ua la mcheri haligeuki kuwa tunda mpaka lipate unga wa ua lingine, na ua la Bing hukataa unga wa Bing. Hata akiongeza Bing ya pili haitamfaa kitu. Sababu ni hii: mkulima hapandi kokwa, bali hukata kijiti cha mti mzuri akakiunganisha na shina la mcheri wa mwitu, kama vile mchungwa unavyobebeshwa juu ya mlimau. Kwa hiyo Bing zote duniani ni kama mti mmoja uliogawanywa. Ajabu zaidi, Bing, Lambert na Royal Ann hukataana zote tatu, ingawa Royal Ann ni ya njano na mtu angedhani ni ya ukoo mwingine kabisa. Wakulima wa Oregon walizipanda hizo tatu pamoja kwa kuwa ndizo zilizopendwa sokoni, wakavuna haba, mpaka majaribio ya chuo cha kilimo cha huko katika miaka ya 1910 yalipoonyesha sababu.

Dawa yake ni kupanda mti wa aina inayokubalika, kama Black Republican au Van, usiozidi futi 100 kutoka ule wa kwanza, nao uchanue siku zile zile. Kazi ya kuchukua unga ni ya nyuki. Kama jirani anao mti wa namna hiyo, vema, maana nyuki hajui mpaka wa kiwanja. Na mwenye nafasi ya mti mmoja tu apande Stella, iliyotolewa Summerland, Canada, mwaka 1968. Hiyo hujizalisha yenyewe.

Mahali pa kupanda pasituame maji, kwani mizizi ya mcheri ikikaa majini hufa upesi. Miti iliyounganishwa na shina la mwitu huachiana futi 25 hata 30. Matawi hupunguzwa mwisho wa kiangazi, siku kavu, ili ugonjwa usiingie katika majeraha.

Maua yakiisha kufunguka, baridi ni adui. Ikishuka digrii 2 chini ya sifuri kwa nusu saa, huua ua moja katika kila kumi. Ikishuka digrii 4, huua tisa. Matunda yakikaribia kuiva, adui ni mvua: maji hupenya ganda, tunda likavimba na kupasuka. Katika jimbo la Washington wenye mashamba makubwa hukodi helikopta zipite juu ya miti ili upepo wake uyakung'ute maji. Mwenye mti mmoja hana la kufanya ila kungoja jua. Ndege, hao aweza kuwazuia kwa wavu.

Cheri haiivi baada ya kuchumwa, basi huachwa mtini mpaka iive kabisa. Huchumwa pamoja na kikonyo, kwa mkono wa taratibu, pasipo kuvunja kijitawi kifupi kilichoishika, maana juu ya kijitawi hicho ndipo yanapofanyika maua ya mwaka ujao.