Mtoto Mtu Mzima Akishikwa na Polisi

Katika vikundi vyetu jambo hili huja kwa kunong'onezana. Mama anamwendea mweka hazina siku isiyo ya mkutano, anaomba mkopo wa haraka na hasemi ni wa nini. Baadaye inajulikana: kijana wake wa miaka 23 amelala seli. Pengine alipigana kwenye kilabu cha pombe, pengine alipatikana akiendesha boda boda bila leseni. Si mauaji wala wizi wa mabavu. Lakini mbuzi ameshauzwa, na haijulikani pesa ziliingia mfuko wa nani.

Somo la leo ni la mzazi huyo, na la kikundi anachokikimbilia.

Kwanza tukubaliane: aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria. Kesi ni yake. Hakuna sheria inayoruhusu baba ashikwe ili kijana ajitokeze. Jambo hili linapunguza mzigo, lakini pia linauma, maana tumezoea kuwasemea tangu wakiwa shule.

Kituoni

Ukipata habari, nenda, hata kama una hasira. Usiende na maneno mengi. Uliza ameshikwa kwa kosa gani, nambari ya OB ni ipi, na atapelekwa korti gani, siku gani. Andika kwenye karatasi. Omba umwone kijana mwenyewe, uangalie kama ameumia na kama kuna dawa anazotumia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyeshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Zikiishia wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kufikishwa Jumatatu, na hiyo peke yake si hila ya askari.

Pesa inayorudi na isiyorudi

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, basi tusome polepole.

Kwa makosa madogo, polisi wanaweza kumwachilia mtu kwa dhamana hata kabla ya korti. Kuna dhamana ya kutia sahihi tu, kwamba atafika siku aliyoambiwa. Hiyo hailipiwi. Kuna dhamana ya pesa taslimu: unaacha pesa, unapewa risiti. Pesa hiyo haijaliwa. Kesi ikiisha, na kama kijana amekuwa akifika, unairudishiwa kwa kuonyesha risiti. Hakikisha risiti ina jina la aliyetoa pesa, na uifiche vizuri kama kitambulisho chako.

Faini ni kitu kingine. Hiyo hutozwa na hakimu baada ya hukumu, na hairudi.

Na pesa inayoombwa bila risiti, ati ya kumwona mkubwa, tuiite kwa jina lake: ni hongo. Anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Tena hongo haina karatasi. Kesho kesi ikiendelea, huna la kuonyesha.

Halafu kuna kuwa mdhamini. Ukipeleka hati ya shamba kortini na kijana asifike, yeye atatolewa amri ya kukamatwa, na wewe unaweza kutakiwa ulipe kiasi ulichokitilia sahihi. Hati ya shamba la familia si ya mtu mmoja kuitoa usiku bila mwenzake kujua. Jiulize bila kujidanganya: huyu wangu atafika? Mzazi anaweza kukataa kuwa mdhamini, na kukataa si kumtupa mtoto. Bado utampelekea nguo safi na utakaa kortini siku ya kesi.

Kwa maoni yangu, kikundi kikubali kukopesha pesa za dhamana, mkopo uandikwe kwa jina la mzazi, na risiti ionyeshwe. Pesa zikirudi, zianzie kikundini. Pesa za hongo tusikopeshe hata shilingi moja.

"Kubali tu yaishe"

Wazazi hupenda kumwambia kijana maneno haya mlangoni mwa korti. Yanaonekana ya busara, lakini akikubali kosa na kuhukumiwa, jambo hilo linaingia kwenye rekodi. Mwaka kesho akitafuta kazi ya ulinzi au udereva, anatakiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kama hakufanya, asikubali. Kama alifanya kweli, akiri mwenyewe akiwa ameelewa mashtaka. Asipoelewa lugha ya korti ana haki ya mkalimani bila malipo.

Kukiri si lazima kulete jela. Chini ya sheria ya 1998, makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu yanaweza kuadhibiwa kwa kazi ya kuhudumia jamii. Hakimu hutaka ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo akifika nyumbani, usimpambe kijana wala usimchafue kwa sababu ya hasira za jana.

Kama ugomvi ulikuwa na jirani, wazee wanaweza kupatanisha, na sheria inaruhusu korti kuhimiza hivyo kwa shambulio dogo. Lakini kesi iliyofika kortini haimalizwi chini ya mwembe: makubaliano yapelekwe kwa hakimu, na mlalamishi asilazimishwe. (Hapa hatuzungumzii ubakaji wala unajisi.)

Mkikwama, Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, husaidia wasio na uwezo wa wakili. Ulizeni pia kamati ya haki na amani ya parokia.

Na deni je? Kijana alilipe mwenyewe, kidogo kidogo, kutokana na kibarua chake. Mama asiuze kuku kimyakimya kumfunikia.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mkopo wa dharura? Nani anaweza kuuidhinisha siku isiyo ya mkutano?
2. Mwanachama akiomba pesa naye hana risiti ya kuonyesha, tutamjibuje bila kumwaibisha?
3. Ni nani kati yetu anaweza kumsindikiza mzazi kituoni?