Bwawa la Udongo na Wakaao Chini Yake



Baadhi yenu wenye mabonde katika mashamba yao wametuuliza kama yafaa kuzuia kijito kwa tuta la udongo, wapate bwawa la samaki, pa watoto kuogelea na pa kupumzikia wageni. Jambo lenyewe si baya. Lakini bwawa halimhusu mwenye shamba peke yake. Lamhusu zaidi yule akaaye chini ya bonde, ambaye pengine hata hakuulizwa. Kwa hivyo tumeonelea tuanze na khabari ya bwawa moja la mbali, kwani lilikuwa la namna hii hii, na wataalamu waliichunguza ajali yake kwa makini.

Karibu na mji wa Toccoa, katika jimbo la Georgia huko Marekani, palikuwa na bwawa liitwalo Kelly Barnes. Kwanza lilikuwa boma la magogo na mawe, lililojengwa mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1937 skuli ya dini iliyokuwa hapo ililifunika kwa udongo ili ipate umeme wa maji, na baada ya Vita Vikuu vya Pili tuta likaongezwa kimo, hata likafika kiasi cha futi 38 kwenda juu na futi 400 kwa urefu. Mwaka 1957 mashine za umeme zikasimamishwa, ziwa likabaki la starehe. Halikuwa kubwa, lilipata eka 40 hivi.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 mvua kubwa ilinyesha juu ya mvua ya siku zilizotangulia. Yapata saa saba u nusu, watu wamelala, tuta likakatika. Maji yakashuka kwenye maporomoko na kuzikumba nyumba za chuo zilizokuwa chini. Watu 39 wakafa, na wengi wao watoto.

Wachunguzi hawakuweza kutaja sababu moja tu. Hapakuwa na michoro ya ujenzi ya kuwaongoza. Waliona kuwa ubavu wa nyuma wa tuta, yaani upande mkavu, ulikuwa umesimama mno, na kwamba yamkini maji yalikuwa yakipenya ndani. Tena picha iliyopigwa mwaka 1973 ilionyesha kipande cha ubavu huo kimekwisha poromoka.

Sisi lililotushughulisha zaidi ni ile miaka 20 baina ya 1957 na 1977. Bwawa lenye mashine hutazamwa, maana taa zikizimika mtu ataulizwa. Bwawa la starehe hutazamwa upande mmoja tu, wa maji, ndiko kwenye mashua na ndoana. Upande wa nyuma huota majani ukasahauliwa, na huko ndiko kuporomoka huanzia mara nyingi. Hata serikali zaweza kusahau: sheria ya kukagua mabwawa ilikuwako Marekani tangu 1972, lakini fedha za kazi hiyo hazikutolewa mpaka baada ya msiba ule, Rais Jimmy Carter alipoamuru ukaguzi uanze. Kufikia 1981 mabwawa zaidi ya 8,000 yalikuwa yamekaguliwa, na karibu theluthi moja yakaonekana si salama.

Wala mtu asiseme hayo ni ya Wamarekani. Tarehe 9 Mei 2018, masika, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilikatika usiku huko Solai, Kenya. Waliokufa walizidi 40.

Basi tuje kwenye somo. Tuta la udongo lina adui mmoja, naye ni yale yale maji linayoyazuia. Yakipita juu yake hulikata kwa muda mfupi. Kwa hivyo pawe na mfereji mpana wa maji ya ziada, uliochimbwa pembeni katika ardhi ngumu ya asili, si juu ya tuta lenyewe. Na tuta lizidi kimo cha maji kwa futi tatu angaa. Hapa ndipo watu hubana fedha, kwa kuwa mfereji hukaa mkavu karibu mwaka mzima. Wengine huuziba kwa wavu samaki wasitoroke. Wavu ukishikwa na majani ya mkarafuu usiku mmoja wa mvua, mfereji haupo tena.

Maji yakipita ndani, khatari ni ya siri zaidi. Kwa hiyo kabla ya kujenga ondoa majani, mizizi na udongo wa juu. Chimba handaki mpaka ufike udongo mgumu, kisha ujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, inchi sita sita, kila tabaka lishindiliwe. Ubavu wa maji uwe na futi tatu za kulala kwa kila futi moja ya kusimama, wa nyuma futi mbili au zaidi. Bomba la kutolea maji livishwe mabamba, kwani maji hupenda kufuata nje ya bomba.

Twajua tabia yetu wakulima wa karafuu, hatuoni nafasi tusipande mti. Juu ya tuta usipandwe hata mmoja! Mti ukifa, mzizi huoza ukaacha mrija. Majani mafupi yatosha, nayo yafyekwe, ili mashimo ya panya na kaa yaonekane.

Kila baada ya mvua kubwa, mwenye bwawa na apite nyuma ya tuta kwa miguu. Maji yakichuruzika nayo ni safi, aweke alama na kuangalia kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani. Asiyazibe kwa udongo kwa nje, maana yatatafuta njia nyingine. Kwanza awaamshe watu wa bondeni na kumpa sheha khabari, hata kama ni usiku wa manane. Kisha afungue bomba la chini, amwite na mhandisi wa maji.

Mwanachama ambaye hajaanza kuchimba, na aje ofisini kwanza, nasi tutafuatana naye na bwana shamba mpaka bondeni, tuhesabu nyumba zilizo chini.